Pua ya Ng'ombe wa Tusekile

Kaeni vizuri, mwenye simu aizime. Hadithi hii imeshavunja vikao viwili vya harusi, na kwenye vyote niliisimulia mimi.

Huko Rungwe walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Gwamaka alijua kuipa kompyuta macho. Aliandika maktaba ya programu, si ya vitabu, bali rundo la maagizo ya kuifundisha mashine kutambua picha, akaiweka mtandaoni bure, atakaye aisome, aichukue, airekebishe. Atupele, mganga wa mifugo, alijua kusoma pua za ng'ombe, maana mikunjo yake hailingani, kama alama za vidole vyetu. Ambokile, fundi simu, alijua kunusa kosa pale wengine wanapokunja vifaa waende zao.

Na alikuwepo Tusekile, mjane mwenye ng'ombe mmoja mwekundu asiye na alama. Alimwonea huruma, akakataa asichomwe chapa. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chumvi na sabuni ya nyumba ile.

Asubuhi moja akakuta zizi tupu. Siku ya mnada akamwona kati ya ng'ombe wekundu tisa wa mchuuzi mmoja.

"Alama iko wapi, mama?" mchuuzi akauliza, akichokonoa meno. "Au atakuita kwa jina?"

Watu wakacheka. Tusekile akaapa mbele ya mnada mzima: atakayemrudishia ng'ombe atapewa ndama aliye tumboni.

Atupele akatoa picha ya pua aliyoipiga siku ya chanjo. Alikuwa amezipiga picha pua za ng'ombe wa kijiji kizima, na mateke aliyapata.

Maktaba ya Gwamaka, iliyokuwa ndani ya simu ya Ambokile, ikailinganisha picha ile na pua zote tisa. Ikajibu: hayupo.

Ambokile akagusa pua moja, vidole vikateleza. Zote zilipakwa mafuta. Akaketi juu ya debe, akayarekebisha maagizo yasidanganywe na mng'ao, kisha marekebisho akayatuma kwenye maktaba, wengine nao wayatumie. Simu ikamchagua ng'ombe wa sita. Mchuuzi akaondoka na askari.

Ndama akazaliwa, jike. Wote watatu wakafika kumdai siku moja, jambo ambalo Tusekile hakulipenda.

"Mwizi alijuaje kupaka mafuta?" akauliza.

"Niliandika mwenyewe, mama," Gwamaka akasema. "Ukurasa wa kwanza: maktaba hii haioni pua inayong'aa. Nikificha kasoro, nani atairekebisha?"

"Kwa hiyo ulimfundisha mwizi. Bure."

"Na mimi nilisoma hapohapo," Ambokile akadakia. "Ndiyo maana nikajua niguse wapi."

"Hata wewe ulijua, basi." Akamgeukia Atupele. "Nawe ulijua wangu hana chapa."

"Bila picha yangu, mama, ungelinganisha pua na nini?"

"Bila macho yangu, nani angelinganisha?" akasema Gwamaka.

"Macho yako yalisema hayupo," Ambokile akamkumbusha.

Tusekile akawatazama mmoja mmoja. Huko polisi mwizi alikuwa bado hajamtaja aliyemdokeza, na ndama hakatwi vipande. Kamba ya ndama ilikuwa mkononi mwake, na kiapo kilisikiwa na mnada mzima.

Sasa ishike wewe hiyo kamba. Ungemkabidhi nani, na yupi usingemwonyesha zizi lako?