Unyayo Mmoja na Mkongojo

Paukwa!

Pakawa!

Huyo aliyeshiba ugali kule nyuma sijamsikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Ilungu, palikuwa na mjane aitwaye Kalunde. Mume amekufa, mguu mmoja umevimba hata haukanyagi, lakini moyo wake mzima. Kila alfajiri alijikongoja hadi kwenye chemchemi ya kijiji, akaondoa majani, akazoa tope, akarudi kabla watu hawajaamka.

Wanakijiji walidhani ni mzimu unaosafisha. Wakawa wanauwekea uji wa asali, na Kima akawa anaunywa wote. Alinenepa huyo, mpaka matawi yakamkataa.

Chura, mkazi wa chemchemi, alimwuliza Kalunde, "Bibi, nani anakuona?"

"Mungu yu macho, mjukuu wangu."

Kesho yake akamwuliza, "Bibi, nani anakuona?"

"Mungu yu macho."

Siku ya tatu mguu ulimuuma hadi akalia. Chura akauliza tena, naye akajibu yale yale, akaendelea kuzoa.

Siku ya nne hakuja. Wala ya tano, wala ya sita. Maji yakachafuka, yakanuka. Watu wakaongeza uji, Kima akaongeza tumbo. Mwishowe jumbe akasema, "Mzimu umetususa. Kesho tunahama."

Na asiyeweza kutembea, je? Hakuna aliyemkumbuka.

Chura akaruka, akaruka, akaruka, akatua katikati ya baraza. "Mzimu wenu una mkia," akasema, "na sasa hivi unalamba bakuli. Anayewasafishia maji ni mtu. Tazameni alama zilizokaukia topeni, mnazikanyaga kila siku: unyayo mmoja na mkongojo."

Wakazifuata. Zikawafikisha mlangoni kwa Kalunde, nao wakainamisha vichwa kwa haya.

Wakambeba kwa kitanda hadi kwenye chemchemi, wakiimba. Wakazoa tope wote, jumbe akiwa wa kwanza kuloa. Maji yalipotakata, kata ya kwanza, ambayo kwa desturi humwagwa chini kwa ajili ya mzimu, akapewa Kalunde mkononi.

Chura akauliza, "Bibi, nani anakuona?"

Kijiji kizima kikajibu, "Tunakuona, mama."

Kalunde akacheka mpaka maji yakamwagikia kifuani. "Mungu yu macho tangu zamani," akasema. "Nashukuru leo na nyinyi mmeamka."

Hadithi yangu imefika kwenye chemchemi, imekunywa, imeketi hapo hapo. Nanyi mliokaa kwenye uwanja huu safi, kabla hamjalala, ulizeni nani aliufagia.