Mwenye Ufunguo wa Masufuria

Sogeeni mbele, akina mama, sauti yangu imeshachakaa. Leo nina umbea, lakini ni umbea wa kanisani, kwa hiyo sikilizeni bila kuona haya.

Kulikuwa na mama mmoja mtunza masufuria. Msiniulize wa usharika gani, na wewe wa pale nyuma acha kumkonyeza mwenzio. Si mimi. Mimi hakuna aliyewahi kuniamini na ufunguo.

Yalikuwa yale masufuria makubwa ya msiba, ambayo mtoto anaweza kuogea ndani. Akina mama waliyanunua kwa kuuza maandazi, wakampa yeye ufunguo wa stoo, naye akaufunga kwenye pindo la kanga. Na alikuwa na shoga yake wa kufa na kuzikana. Walizaa msimu mmoja, wakanyonyeshana watoto.

Basi kanisa likagombana. Kisa? Mlango! Nusu walitaka mlango wa kanisa jipya utazame barabarani, nusu walitaka utazame makaburini kama ule wa zamani. Mlango, jamani, na Bwana mwenyewe aliwatokea wanafunzi milango ikiwa imefungwa! Wakarushiana maneno mpaka nusu wakatoka, wakajijengea lao la mabati. Shoga mtu alitoka. Mwenye ufunguo akabaki.

Haukupita mwaka, mama mzazi wa yule shoga akafariki. Maziko kesho, watu wanamiminika, na watu wa msiba lazima wale. Akaja mwenyewe kwa mwenye ufunguo, macho yamemvimba.

"Shoga, nimekuja mwenyewe, maana nikimtuma mtu mtamnyima."

"Pole, mwenzangu. Pole sana. Ila yale masufuria ni ya kanisa."

"Si ya maandazi yetu? Mimi na wewe si ndio tuliokuwa tunakanda unga?"

"Ndiyo, lakini ninyi mlitoka. Nenda kwa mzee wa kanisa. Akisema nitoe, nitatoa."

"Mama yangu amekufa, shoga. Sikuja kwa habari ya mlango."

Yule mwenye ufunguo akainamisha kichwa. Mnajua alijibu nini?

"Nitakuombea."

Na alimwombea kweli, simsingizii. Alipiga magoti, akamlilia Mungu awafariji wafiwa, na ufunguo unaning'inia pindoni.

Asubuhi moyo ukamsuta. Hakumngoja mzee wa kanisa. Akafungua stoo, akapakia masufuria kwenye toroli, akalisukuma mwenyewe kwenye matope mpaka msibani. Akakuta moshi unafuka. Akina mama Waislamu wa ng'ambo ya mto walikuwa wameleta masufuria yao tangu alfajiri, na ndizi zinachemka.

Akasema moyoni, haidhuru, mikono yangu bado ninayo. Akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya uani kwenda kumenya, kama alivyofanya miaka yote katika nyumba ile.

Shoga yake akamwona. Akainuka kwenye mkeka wa wafiwa, akamfuata, akamshika mkono taratibu.

"Karibu, mama. Usijichoshe. Kuna kiti hapa."

Mama! Siyo shoga tena. Akamkalisha chini ya turubai, pamoja na wageni waliotoka mjini. Akaletewa maji ya kunawa. Akachaguliwa mnofu mzuri. Kule uani akawasikia wenzake wanagombana na kucheka: "Nani katia chumvi hii, mnataka kutuzika na sisi?" Kuonja chumvi ilikuwa kazi yake. Hakuna aliyemwita.

Wanawake wenzangu, msibani nani hupewa kiti? Si mgeni? Wa kwako unamkalisha kwenye kiti, au unamtupia kisu na mkungu?

Hakutukanwa. Afadhali angetukanwa, angelia, wangekumbatiana, yangekwisha. Aliheshimiwa, na mpaka leo anaheshimiwa. Shughuli zote za nyumba ile anaalikwa, na anakaa mbele.

Sasa sisi. Tuna maombi mengi ya umoja, tena mazuri, yenye machozi. Lakini yule wa dhehebu lile, wa chama kile, wa kabila lile, alipokuja mlangoni kwetu na shida yake, tulimpa nini? Tulimwambia tutamwombea, na kitu chenyewe alichokuja kukiomba tulikuwa tumekishika. Tunadhani tumesameheana kwa kuwa hatugombani. Hatugombani kwa sababu hatujuani tena.

Inaniuma, jamani. Ni nyumba ngapi tulizokuwa tunaingilia jikoni, na leo tunapiga hodi?

Nendeni kwao leo. Mkikaribishwa sebuleni, msikae. Piteni uani, ombeni kisu. Wakiwanyima, ombeni tena.