Friji Zilizokataa Programu ya Julai

Sogeeni karibu, na kila mtu aje na akili zake, maana leo jibu sinalo.

Katika karakana moja ya programu mjini Morogoro walikuwapo Tunu na Kwilasa. Tunu alijaliwa macho: mpe orodha ndefu, ataona kisichofanana. Kwilasa alijaliwa mikono: mwonyeshe kosa, atalirekebisha. Na mbali huko, katika zahanati ya Nyakasasa kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwapo Nesi Skolastika. Huyu kompyuta hazijui, lakini alijaliwa msimamo. Akisema hapana, ni hapana.

Karakana hiyo ilitengeneza programu za kuendesha friji za chanjo, na ilikuwa na desturi yake. Kila toleo lilipewa jina la mtu mmoja aliyeliokoa, likang'aa kwenye kioo cha kila friji. Jina moja tu. Tunu hakuwahi kulipata, na tusifichane, alilitamani mno.

Basi siku hiyo, saa tatu asubuhi, toleo jipya likatumwa. Lo! Friji kumi na nne zikazima papo hapo. Nyingine tisa zikaendelea kama kawaida. Pale Nyakasasa akina mama sitini walikuwa kwenye foleni na watoto mgongoni.

Tunu akaitazama orodha ya friji zote na mipangilio yake, akairudia.

"Kaka Kwilasa! Programu imeundwa leo, tarehe 7 Mei, na kompyuta yetu imeandika mwezi kwanza: 05/07. Hizi tisa zinasoma mwezi kwanza, zimeelewa. Hizi kumi na nne zinaanza na siku. Kwao hii ni tarehe 5 Julai!"

"Julai si haijafika?"

"Ndiyo maana zimegoma! Zinadhani ni programu ya bandia. Toleo lililopita uliliunda tarehe 4 Aprili. Nne na nne, uanzie popote ni ileile, ndiyo maana hatukushtuka!"

Kwilasa akashika kichwa. Aliyeandika sehemu ile ni yeye mwenyewe, na hakujitetea. Akaanza upya: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu tupu, na kila friji ikaamriwa isome hivyo hivyo bila kujali imepangwa kwa desturi ya nchi gani. Akaijaribu kwa mpangilio wa Kifaransa, wa Kiarabu, wa Kireno. Vidole vilikuwa vinaruka! Lakini kazi ya namna hiyo haimaliziki kwa dakika tano.

Huku nyuma, Nyakasasa kulikuwa na mvutano. Mganga mfawidhi, aliposikia kutoka karakana kwamba friji inasubiri Julai, alitaka kuisogeza saa yake mpaka Julai ili iwake.

"Hapana, daktari," alisema Nesi Skolastika. "Chanjo hizi muda wake unaisha Juni. Ukiipeleka friji Julai, itazihesabu zimeharibika na kuzifungia."

"Nesi, mimi ndiye mkuu hapa!"

"Ni kweli, daktari. Lakini saa haiguswi."

Akazihamishia chanjo kwenye makasha ya barafu, akakaa akipima joto. Kisha akapiga simu karakana: "Mwanangu Tunu, waambie na wenzangu wasiguse saa!" Tunu akazipigia zahanati nyingine zote kumi na tatu ambazo friji zao zilizima, nazo zikafanya vilevile.

Saa tano na dakika ishirini toleo la Kwilasa likafika. Friji zikawaka, moja baada ya nyingine, zote kumi na nne! Nyakasasa vigelegele vilisikika hadi kwenye simu, na hakuna hata dozi moja iliyomwagwa.

Mama Mkude, mkuu wa karakana, akasema, "Sasa jina. Kura tatu: ninyi wawili na Nesi. Mkigawana, toleo linaenda bila jina."

"Mimi nampa Kwilasa," Nesi alisema kwenye simu. "Amekosea, amekiri, amejenga upya. Huyo ni mtu mzima."

"Mimi nampa Tunu," alisema Kwilasa. "Bila macho yake ningekuwa bado natafuta."

Wote wakamgeukia Tunu. Uso ulimwaka moto kwa furaha na kwa aibu. Akijitaja mwenyewe, ameshinda. Akimtaja Kwilasa, ameshinda aliyekosea. Na akimtaja Nesi, ambaye bila yeye kusingekuwa na chanjo ya kupozwa, hakuna anayepata.

Mama Mkude amesharusha jicho kwenye saa ya ukutani. Haya, msikilizaji, kaa kwenye kiti cha Tunu: wewe ungelitaja jina la nani?