Kindi Aliyekataa Kuonyesha Mashimo

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa chungu jikoni. Na mfuniko?
Baba anajua ulipo.
Na baba yuko wapi?
Haya, ngano yenyewe ndiyo hiyo.

Hapo kale, miti ilipokuwa bado ikiamkiana asubuhi, Kindi aliishi na mkewe Bi Tunu na watoto wao watatu ndani ya tundu la mkwaju. Mkubwa aliitwa Chausiku. Kitindamimba alikuwa hata macho hajafumbua.

Kindi alikuwa baba mwema. Akaokota kokwa, akachimba, akafukia. Akaokota, akachimba, akafukia. Kila mavuno alijaza mashimo matatu, na yalipo alipajua yeye peke yake.

Bi Tunu akamwambia, "Baba Chausiku, mashimo yako wapi? Duniani kuna kuugua."

"Unaniombea kuugua?" Kindi akatema mate chini, ptu!

Kesho yake akamwambia, "Baba Chausiku, mashimo yako wapi? Duniani kuna kuanguka."

"Unaniombea kuanguka?" Akatema mate, ptu!

Siku ya tatu akamwambia, "Baba Chausiku, mashimo yako wapi? Duniani kuna kufa."

Kindi akatema mate, ptu, kisha akaupiga mti kwa mkia, maana kwa kina Kindi kutaja kifo nyumbani ni mwiko, na mwiko huo huondolewa kwa mkia. "Mke wangu, unanichimbia kaburi na mimi bado nakua?"

"Unakua wapi? Mvi zimeshafika mkiani."

Watoto wakacheka. Kindi akanuna, akapanda hadi kileleni ili waone kijana ni nani. Tawi likasema kwaa! Kindi akasema mama. Wakafika chini pamoja.

Hakufa. Lakini taya lilivimba kama boga, ulimi ukagoma, na miguu ya nyuma ikaufuata ulimi. Kiangazi nacho kikaingia. Akiba ya ndani ikaisha, watoto wakaanza kulamba magome ya mti. Kindi akalala mkekani akiwatazama, akawaza, "Nikifa leo, kokwa zangu zitaota miti, na wanangu watakufa njaa chini ya kivuli chake."

Mgeni wa kwanza alikuwa Panya Buku, aliyejiita ndugu wa Kindi kwa sababu bibi zao waliwahi kukaa jirani. Alikuja na sahani kwapani.

"Poleni. Nimekuja kwenye matanga."

"Hajafa," akasema Bi Tunu.

"Sina haraka." Akakaa karibu na jiko.

Kindi akainua mkono, akakwaruza hewani. "Anawashwa," akasema Panya Buku. Wakamkuna mgongo.

Kindi akakwaruza tena. "Anataka kugeuzwa." Wakamgeuzia ukutani.

Kindi akakwaruza mara ya tatu, kwa nguvu. "Huyo anaaga. Anasema tundu hili nirithi mimi." Kindi akatoa machozi ya hasira. "Mnaona? Amefurahi."

Jioni akaja Bi Fuko, jirani wa chini, asiyeona, na kibuyu cha uji. Hakuuliza mengi. Aliwapa watoto kwanza, kisha akaushika mkono wa Kindi aupashe joto. Kindi akamkwaruza kiganjani, krr, krr, krr.

"Tunu mwanangu," akasema Bi Fuko, "mumeo hawashwi. Mumeo anachimba. Mimi kazi yangu ni hiyo, siwezi kukosea."

Wakambeba kwa mkeka. Panya Buku naye akashika pembe moja, maana alihisi chakula. Penye kichaka cha miiba Kindi akapiga mkia. Wakachimba: kokwa. Penye jiwe jeusi akapiga mkia. Wakachimba: kokwa. Penye shimo la tatu akapiga hapa, akapiga pale, akakuna kichwa. Mwenyewe alikuwa amesahau.

Bi Tunu akamtazama. Alimenya kokwa, akamtafunia mtoto.

Taya lilipopona, neno la kwanza la Kindi lilikuwa, "Chausiku, waite wenzio niwaonyeshe." Tangu hapo kila mavuno walikwenda wote. Mkubwa alichimba, wa kati alifukia, mdogo alikaa juu ya shimo ili makalio yake yapakumbuke. Nao waliimba:

Baba akiwepo, tunakula.
Baba asipokuwepo, tunakula.

Kindi aliimba kwa sauti kubwa, ila kwenye mstari wa pili alitema mate kidogo, ptu. Mazoea.

Miaka ikapita. Kindi akafa kwa uzee, usingizini, mkia wake umemfunika mkewe. Watoto walilia sana. Kisha wakaenda kwenye mashimo, wakapika, wakamlisha kila aliyekuja, Bi Fuko wa kwanza.

Panya Buku akaja na sahani kubwa zaidi, akaketi chini. "Maskini watoto. Mashimo atawaonyesha nani? Marehemu siri yake aliniachia mimi."

Kitindamimba akamjibu kwa adabu, "Karibu, baba mdogo. Shimo moja umelikalia. Inuka tukupakulie."

Kumwonyesha mwanao ulipoweka akiba si kukiita kifo. Ni kukinyima kifo kitu cha pili cha kubeba.

Ngano yangu nimeifukia hapa, na nyote mmeona nilipoifukia. Sasa laleni. Jana nilimuuliza baba yenu sukari ameiweka wapi. Akatema mate.