Ushindi Unaoonekana Mbele Tu

Hapo zamani za kale, na msinicheke, maana hata hiyo kale ilikuwa na taarifa zake za habari, wanyama wa Bonde la Kidoma walikuwa na vita na Nyati wa ng'ambo ya mto. Vita vyenyewe hakuna raia aliyeviona kwa macho. Waliviona kwa sinema.

Kila Ijumaa mchana raia wote waliitwa pangoni. Ndani giza totoro. Katikati kulitundikwa shuka jeupe, na Fisi, mkurugenzi wa picha, alikaa na mashine yake, krrr-tak-tak-tak! Kunguru alishika kipaza sauti na kueleza.

Wakubwa walikaa mbele ya shuka: Tembo, Kiboko, Mama Nyumbu, na Simba mwenyewe kwenye kochi. Wadogo, yaani pimbi, kindi na panya, walisukumwa nyuma ya shuka, kwenye mawe yanayovuja maji. Shuka lilikuwa jepesi na picha ilipenya, ila huko nyuma kila kitu kilionekana kinyume. Kulia kwa wakubwa kulikuwa kushoto kwa wadogo.

"Lakini si mnaona?" Fisi aliwaambia. "Basi shukuruni. Sinema ni ya bure."

Nyuma huko alikaa Pimbi, dada mmoja mdogo wa umbo, mkali wa macho. Alikuwa na ndugu yake mmoja tu duniani, Chonge. Chonge alikuwa na digrii ya kilimo, with honours, na alishinda juu ya jiwe akiota jua. Msidhani ni uvivu. Aliandika barua za kazi mpaka vidole vikaota sugu, akajibiwa, "Tutakupigia simu." Wapi!

Sasa, Ijumaa moja mashine iliwashwa. Krrr-tak-tak-tak!

"Kwaa! Kwaa!" Kunguru akaanza. "Vijana wetu shupavu wanasonga mbele! Adui anakimbia kama kuku! Mtazameni Jemadari Nyumbu! Tazameni magunia ya ngawira!"

Kwenye shuka jeshi lilipita mbio chini ya Mlima Kidoma. Kila mtoto wa bonde lile anajua: ukiutazama mlima huo, kulia kwako ni kwa Nyati, kushoto ni kwetu nyumbani. Mlima wenyewe ni mviringo kama sufuria iliyofunikwa, hata ukigeuzwa huwezi kujua. Wakubwa walioona jeshi likikimbilia kulia wakaruka vitini.

"Ndiyooo! Wapeni! Wapeni!"

Pimbi, kwa nyuma, aliliona jeshi likikimbilia kushoto. Hilo halikumshtua, alishazoea. Kilichomshtua ni pembe.

Jemadari Nyumbu alivunja pembe ya kushoto utotoni alipogonga lango la mama yake, na bonde zima linajua. Kwa nyuma, kigutu kingepaswa kuonekana upande wa kulia. Lakini kilikuwa kushoto, mahali pake hasa.

"Haki ya nani," Pimbi akanong'ona. "Leo picha iliyo sawa ni ya huku nyuma. Fisi ameuweka mkanda kinyume!"

Na kama mkanda ni kinyume, basi jeshi halisongi mbele. Linakimbia kurudi nyumbani. Akayatazama tena yale magunia ya ngawira. Moja lilikuwa na mkia. Mkia mrefu, wa manyoya meusi, unaning'inia.

Sinema ilipoisha alimkimbilia Mama Nyumbu.

"Mama, pole kwa kukusumbua. Pembe ya Jemadari ilivunjika upande gani?"

"Kushoto! Si mimi nilimfunga kitambaa?"

"Na leo kwa sinema umeiona upande gani?"

"Binti yangu, kwa sinema nilikuwa nashangilia. Sikuwa nakagua pembe."

"Mama, nakuomba unisikize. Wanakimbia kuja huku. Tumepigwa."

Mama Nyumbu akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyeshiba. "Wewe si unakaa nyuma, mama? Ninyi wa nyuma ndio mnaoona kinyume. Umesahau?"

Pimbi akarudi nyumbani. Huko akamkuta Chonge amevaa kofia ya kijeshi ya mtumba, anajipigia saluti kwenye dimbwi la maji.

"Dada! Ijumaa ijayo wanaandikisha vijana baada ya sinema! Mshahara, buti, bima ya afya! Finally!"

"Chonge, usiende. Huko wanakufa."

"Nani anakufa? Vita imeisha bana, si umeona? Mimi naenda kupigwa picha tu, halafu narudi na pensheni."

"Gunia lilikuwa na mkia."

"Hata Nyati wana mikia."

"Ulikuwa mkia wa nyumbu!"

"Aki dada," Chonge akacheka, "wewe unakaa nyuma. Unaona kinyume."

Hapo Pimbi aliona wazi kwamba angeweza kuongea mpaka sauti imkauke, na kila mtu angemjibu kwa kiti anachokalia. Basi akaacha maneno, akaanza kufikiria viti.

Ijumaa ikafika. Pimbi aliingia pangoni mapema, akafagia kule nyuma, akatandaza mkeka wa rangi wa nyanya yake, akafunga kamba mlangoni. Akavaa miwani nyeusi, akasimama kando ya kamba kama ameajiriwa.

Tembo akaja, tindi, tindi, tindi.

"Samahani, mzee," Pimbi akasema bila kumtazama. "Huku ni VIP tu."

"VIP? Huku nyuma?"

"Mzee, nina maagizo. Wewe nenda tu na wale wa kawaida, kule mbele."

"Wa kawaida!" Tembo akapanua masikio. "Mimi, wa kawaida? Unanijua mimi ni nani?"

"Nitajuaje na jina lako silioni kwenye orodha?"

Tembo akaivuka kamba kwa hasira, puu! akakaa kwenye mkeka. Kiboko alipomwona Tembo kule, naye akataka. "Kwani yeye amenizidi nini?" Mama Nyumbu akaingia akidai yeye ni mzazi wa Jemadari, ana haki. Kabla hujamaliza kupiga chafya, wakubwa wote walikuwa wamebanana kwenye mawe yanayovuja, wanasifu hewa nzuri.

Simba akaingia, akakuta kochi lake limezungukwa na panya, akaambiwa wakubwa wako VIP kule nyuma.

"Nani ameketi VIP kabla yangu?" akanguruma akiivuka kamba. "Na wale vijana wa kuandikishwa wako wapi? Walete huku wakae na mimi!"

Vijana wakapita mmoja mmoja, Chonge katikati yao na kofia yake. Dadake akamfungulia kamba.

Fisi akatoka mbio kwenye mashine, jasho linamtiririka. "Mheshimiwa, hapana! Huko nyuma picha inaonekana kinyume!"

"Ati kinyume?" Pimbi akadakia. "Kwa hiyo siku zote mmekuwa mkituonyesha sisi vitu kinyume? Mheshimiwa, umesikia anavyowaambia raia wako?"

Simba alishamwambia Fisi zamani, "Niletee ushindi. Unautoa wapi, sitaki kujua." Kwa hiyo kweli hakujua. "Fisi," akasema, "washa mashine."

Masikini Fisi. Akiugeuza mkanda, wa mbele wataona. Akiuacha, wa nyuma wataona. Akauacha. Na ulikuwa mkanda uleule wa Ijumaa iliyopita, maana ushindi mwingine hakuwa nao.

Krrr-tak-tak-tak!

"Kwaa! Vijana wetu shupavu wanasonga mbele!"

Wadogo walioachiwa viti vizuri kule mbele wakashangilia papo hapo. "Ndiyooo! Wapeni!" Ndiyo, hata wao. Kiti ni kibaya, jamani.

Lakini nyuma hakuna aliyepiga kofi. Kulia ni kwa Nyati, kushoto ni nyumbani, na jeshi lilikuwa linakimbilia kushoto. Wengine walitupa mikuki. Wengine walichechemea.

"Ni kinyume tu," Kiboko akasema kwa sauti ndogo. "Fisi ametuambia huku ni kinyume."

"Pembe," akasema Mama Nyumbu.

"Pembe gani?"

"Ya mwanangu. Iko mahali pake." Akasimama. "Ingekuwa kinyume, pembe nayo ingekuwa kinyume. Mbona mwanangu anakimbia kuja huku?"

"Wanasonga mbe..."

"Kunguru, funga mdomo!"

Ilibaki mashine peke yake, tak-tak-tak. Magunia yakapita kwenye shuka, moja, jingine, halafu lile lenye mkia.

"Ule ni mkia wa nani?" Mama Nyumbu akauliza.

Kiboko akatazama chini.

"Nimeuliza, ule ni mkia wa mtoto wa nani? Ijumaa iliyopita mimi niliupigia makofi! Mikono hii!" Akaitazama miguu yake ya mbele kana kwamba si yake. "Niliupigia makofi."

Tembo alifunika macho kwa masikio. Kiboko akaanza kulia kwa sauti kama mtoto mchanga.

"Fisi!" Simba akanguruma. "Nini hii?"

"Mheshimiwa, uliagiza ushindi," Fisi akajibu kutoka gizani. "Upo. Rudi tu ukakae mbele utauona."

Simba akageukia vijana. "Foleni! Msibabaishwe na sinema! Tunaendelea na kuandikisha! Wa kwanza, jina!"

Wa kwanza alikuwa Chonge. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaiangalia ndani kama anatafuta kitu. Kisha akaiweka chini miguuni pa Simba, polepole, akatoka kwenye foleni. Aliyemfuata akatoka. Na aliyemfuata huyo. Simba alinguruma mpaka mawe yakadondoka, na walioendelea kusimama mbele yake ni hewa.

Nje jua lilikuwa kali. Chonge alitembea kando ya dadake.

"Dada, wale wa kwenye magunia," akasema. "Nao waliambiwa wanaenda kupigwa picha tu?"

Pimbi akamshika mkono, kwa nguvu, kama mtu anayemvusha ndugu yake barabara.

Basi ninyi mnaonisikiliza: anayekuonyesha ushindi huku amekushikia fomu ya kujiunga, mzunguke kwanza ukaone na upande wa pili.