Kofia Iliyookotwa Ghalani

Mmenisikia nikimwambia mjomba wenu, "Jivu la moto halisomwi," naye akaizima redio. Mchambuzi alikuwa akieleza kwa nini kituo cha basi kimelipuliwa leo asubuhi, na majeruhi hata hawajafika wote hospitali. Mnauliza neno hili lilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa na miaka saba. Kwetu ni Mwasenda, ng'ambo ya mto, na wenye soko walikuwa watu wa Igulwe. Siku ya kuuza pamba, mtu asiyejulikana aliingia katika ghala la Igulwe na debe la petroli, akalimwaga katikati ya foleni, akawasha. Walikufa sita, na yeye wa saba.

Katika majivu iliokotwa kofia, nusu imeungua. Ilikuwa ya ukindu, kama zinavyosukwa kwetu.

Igulwe palikuwa na karani mstaafu, Masunzu, aliyezoea kuwasomea watu gazeti na kuwafafanulia. Wakamzunguka. Wengine walisema yule mtu ametumwa na wanasiasa, wengine wakasema ni mambo ya dini. Masunzu akainua kofia. "Huyu ni wa Mwasenda," akasema. "Wanalitaka bonde letu. Leo wametutisha, kesho watahamia." Kufikia alasiri hapakuwa na aliyebisha, na mapanga yalikuwa yananolewa.

Habari ilitufikia kabla yao. Mama alifunga nguo zetu ndani ya kanga, akatuingiza kwenye shamba la mtama. Mdogo wangu alikuwa na kifua. Kila akitaka kukohoa, mama alimkandamiza uso kifuani pake, nami niliogopa atamuua.

Yaliyotokea Igulwe nilisimuliwa baadaye na Bi Nyamizi, ambaye mwanawe Kulwa aliteketea ghalani. Watu walipoanza kuelekea mtoni, alisimama mbele ya Masunzu.

"Huyo mtu alikuambia nini?"

"Amekufa, dada. Angeniambiaje?"

"Basi ya moyoni mwake umeyajuaje?"

"Kofia hii inasema yote."

"Nipe."

Akaigeuza ndani, akapapasa ukingo.

"Uzi huu wa kijani nimeushona mimi. Kofia hii ni ya Kulwa wangu. Alipewa na rafiki yake wa Mwasenda."

Ghala lilikuwa bado linafuka moshi.

"Sijamzika mwanangu," akasema, "nanyi mmeshapata watu wa kuua kwa jina lake. Masunzu, jivu la moto halisomwi."

Mtu wa kwanza akaliweka panga lake chini, kisha wa pili.

Polisi walikuja kupata jina la yule mtu. Alitoka mbali, na hakuwa na ndugu Igulwe wala Mwasenda. Kwa nini alifanya vile, hawakujua, na hadi leo hakuna ajuaye. Masunzu alivuka mto akaja mlangoni kwetu, akashindwa kusema. Mama alimpa kigoda, naye akakaa kidogo, akaondoka. Lakini nguo zetu zilibaki zimefungwa kwenye kanga mwezi mzima, na mama alishtuka kila mbwa alipobweka.

Kwa hiyo, wanangu, msiulize tena kwa nini namkatiza mtu anayejua sababu wakati maiti hazijahesabiwa. Yule anayesoma upesi husoma kilichomo kichwani mwake, na anayejificha kwenye mtama ni mtu mwingine. Jivu la moto halisomwi.