Kisima cha Jiwe Jeusi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Anayetaka kucheka acheke sasa, baadaye hatapata nafasi.

Hapo zamani za kale, kule bara kwenye kilima cha Kavuma, bahari ilikuja mara tatu ikaondoka mara tatu, kila mara ikiacha tabaka la mawe na makombe. Juu jiwe jeupe, chini yake jiwe la kijivu, kisha mchanga wenye maji matamu. Chini kabisa jiwe jeusi, na bahari ya kwanza imelala chini yake. Mahali pengine mchanga haukuwepo, kijivu kikalalia jeusi.

Mchimba kisima haoni rangi gizani. Hupandisha kikapu, mkewe akatazama, akamwambia. Likija jeusi kabla ya mchanga, hupanda juu upesi asije akaipasulia bahari njia, shimo likafukiwa.

Mwaka wa ukame, Ngumbao alikuwa shimoni, mkewe Mbodze ameshika kamba. Mtoto wao Nyevu alilala kivulini, midomo imepasuka, hana hata machozi.

Kikapu kikapanda. Jeusi tii! Konokono wa jiwe akasema kutoka ndani yake, "Mama, nirudishe. Bahari yangu haijafa."

"Mama Nyevu, rangi gani?" Ngumbao akaita.

Mbodze akawaza: kisima kingine ni siku saba, na mtoto hana siku saba. Akajidanganya, labda mchanga uko chini kidogo. "Kijivu bado, baba Nyevu!"

Msinitazame hivyo. Nanyi mngesema vivyo hivyo.

Kikapu cha pili, jeusi. "Mama, nirudishe!"

"Rangi gani?"

"Kijivu bado!"

Kikapu cha tatu, jeusi, tena limelowa. "Mama, nirudishe!"

"Rangi gani, mke wangu?"

Mbodze alikuwa analia. "Kijivu bado, baba Nyevu. Chimba."

Kikatokea kishindo. Maji yakapanda yakinguruma, kamba ikalegea. Mbodze akavuta, akavuta, akavuta, ikaja kamba tupu.

Akachota kibuyu, akampa mtoto. Nyevu akaonja, akatema. Chumvi. Jua lilipotua hakuomba maji tena.

Majirani wakaja wakamwuliza alimwambia mumewe rangi gani. Akakunja mkeka wake. Alihamia ukingoni mwa kisima, akakaa hapo mpaka alipokufa.

Hata leo ukiinama pale, sauti ya mwanamume huuliza kutoka chini, "Rangi gani, mke wangu?" Na ya mwanamke hujibu, "Kijivu bado."

Hadithi yangu imeishia hapo, na kamba yake imekwisha.